Funguo za Gemu Ziko kwa Nani? Diski, Upakuaji na Miwani ya Uhalisia Pepe

Wachezaji wa konsoli, yaani mashine za gemu zinazounganishwa na televisheni, tuna mijadala miwili isiyokwisha, na kwa kawaida huendeshwa kana kwamba haijuani. Wa kwanza ni wa diski: je, anayenunua gemu iliyo ndani ya boksi ana kitu ambacho aliyeipakua mtandaoni hana? Wa pili ni wa uhalisia pepe: je, ile miwani inayomweka mchezaji katikati ya gemu badala ya mbele yake ndiyo mwelekeo wa burudani hii, au ni kipya kinyemi kitakachorudi kabatini baada ya miezi mitatu? Nimecheza konsoli tangu enzi za katriji, vile vibweta vya plastiki vyenye gemu ndani, bado nanunua diski kila ninapoipata, na miwani nimeivaa vya kutosha kuipenda na kuichoka. Kadiri ninavyoitafakari mijadala hii ndivyo ninavyoona kwamba ni mmoja, kwa sababu yote miwili inauliza jambo lile lile: kati ya siku uliyotoa fedha zako na siku utakayotaka kucheza tena, ni wangapi wengine ambao lazima waendelee kukubali?

Hao nitawaita washika funguo. Mshika funguo anaweza kuwa kampuni iliyotengeneza konsoli, mchapishaji wa gemu, mwenye seva, mwenye duka la mtandaoni, au hata betri ndogo iliyojificha ndani ya mashine. Kubishana juu ya diski na upakuaji kama mashabiki wa timu mbili za mpira kunatuficha jambo lenye uzito zaidi, nalo ni idadi ya funguo zilizo nje ya mikono ya mnunuzi. Zipo diski zisizofaa kitu bila seva ya mtu mwingine, na yapo mafaili ya kupakua yasiyohitaji ruhusa ya yeyote. Uhalisia pepe, kwa jinsi unavyouzwa sasa, una funguo nyingi kuliko karibu kitu kingine chochote ambacho mchezaji wa konsoli amewahi kuuziwa.

Plastiki, leseni na uwezo wa kucheza

Anayenunua gemu hununua vitu vitatu kwa mpigo. Cha kwanza ni chombo, yaani diski au kadi inayoshikika. Cha pili ni ruhusa ya kisheria ya kutumia kazi ya mtu mwingine, kwa kuwa hakimiliki hubaki kwa mwenyewe hata ukinunua nakala elfu moja. Cha tatu ni uwezo wa kuiendesha gemu hiyo, ambao hutegemea mashine, umeme na, siku hizi, mtandao. Katika enzi za katriji vitu hivi vilikuwa kama kimoja: ulichomeka katriji, gemu ikawaka, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kusoma masharti ya leseni. Tukalizoea neno kununua, tukaendelea kulitumia hata pale vitu hivyo vitatu vilipoanza kuachana.

Sheria ya Marekani imeitambua tofauti kati ya nakala na hakimiliki kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1908, katika kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mchapishaji wa kitabu hawezi, kwa kutumia hakimiliki yake, kumpangia bei mtu anayekiuza tena baada ya nakala hiyo kuuzwa kihalali mara ya kwanza. Kanuni hiyo ikaingizwa katika sheria, nayo imo hadi leo katika sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976. Kwa maneno mepesi, hadithi ni ya mchapishaji lakini karatasi ni zako. Diski ya gemu imerithi haki hiyo: inauzika, inaazimika, inarithishika, na soko zima la gemu za mtumba limesimama juu yake.

Faili lililopakuliwa halikurithi kitu, kwa sababu kumpa mwenzako faili ni kulinakili, na kunakili ndiko hasa sheria inakokataza. Barani Ulaya swali hili limepita mahakamani mara kadhaa, na majibu yamekuwa yakigeuka. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, iliruhusu leseni za programu zilizopakuliwa ziuzwe tena. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Tom Kabinet, ikakataa jambo hilo kwa vitabu vya kielektroniki. Gemu ni programu au ni kazi ya sanaa kama kitabu? Mahakama moja ya Paris mwaka 2019 iliwapa wanunuzi ushindi dhidi ya Valve, wenye duka la mtandaoni la gemu liitwalo Steam, lakini mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya mji huo ikaupindua uamuzi huo, kwa hoja kwamba gemu ni mchanganyiko wa programu, picha, muziki na simulizi, hivyo haiwezi kupewa kanuni nyepesi ya programu tupu. Binafsi naiona hoja hiyo kuwa sahihi kisheria na chungu kwa mnunuzi: kadiri gemu inavyotambuliwa kuwa sanaa, ndivyo mwenye kuilipia anavyopungukiwa haki juu ya nakala yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika gemu za kupakua hali imepinduka, kwa sababu daftari ndilo limekuwa mali yenyewe. Ulichonacho ni mstari mmoja unaosema kwamba akaunti fulani inaruhusiwa kupakua gemu fulani, na daftari lenye mstari huo linatunzwa na muuzaji. Jimbo la California limejaribu walau kuifanya lugha iwe ya kweli: tangu tarehe 1 Januari 2025 duka la mtandaoni haliruhusiwi kutumia neno nunua kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu, isipokuwa bidhaa hiyo inaweza kupakuliwa na kutumika daima bila mtandao. Sheria hiyo haimrudishii mtu haki yoyote. Inamwambia ukweli kabla hajalipa.

Huo msamaha wa mwishoni ndio wa kuangaliwa kwa makini. Duka la GOG, lililofunguliwa mwaka 2008 kwa wachezaji wa kompyuta, huuza gemu zisizo na kufuli: ukishapakua faili la kusakinisha unaweza kulihifadhi popote, na hata duka likifungwa kesho, faili lako litaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo upakuaji wenyewe hauna hatia. Kwenye konsoli, hata hivyo, hakuna duka kubwa linalouza kwa mtindo huo, na kwa hiyo kwa mchezaji wa konsoli diski imebaki kuwa njia pekee ya kawaida ya kupunguza funguo.

Diski si kitu kimoja tena

Hapa watetezi wa diski, nami nikiwamo, tunapaswa kuwa waangalifu, kwa sababu tunaitetea diski ya mwaka 2000 ilhali tunanunua ya leo.

Diski ya zamani ilisomwa moja kwa moja wakati wa kucheza. Kwenye PlayStation 5 ya Sony na Xbox Series X ya Microsoft diski hunakiliwa kwanza kwenye hifadhi ya ndani, kwa kuwa kasi ya kuisoma ni ndogo mno ukilinganisha na kasi ambayo gemu hizi zinahitaji, na baada ya hapo kazi yake kubwa ni kuthibitisha kwamba unayo. Diski inayotumika hubeba hadi gigabaiti 100, kiasi ambacho kwa gemu nyingi kinatosha na kwa baadhi hakitoshi. Hivyo zipo diski zenye gemu kamili inayochezeka tangu mwanzo hadi mwisho bila mtandao, zipo zenye gemu iliyojaa kasoro mpaka ipate masasisho ya siku ya kwanza, na zipo zenye sehemu tu ya gemu, nyingine yote ikisubiri kupakuliwa. Boksi zote tatu zinafanana rafuni.

Nintendo wameipa hali hiyo umbo rasmi. Nintendo Switch 2, iliyoanza kuuzwa tarehe 5 Juni 2025, ina kadi za kawaida zenye gemu ndani, na pia ina kadi za ufunguo, ambazo hazina gemu bali zina idhini ya kuipakua. Kadi ya ufunguo lazima iwe ndani ya mashine ili ucheze, na inaweza kuuzwa au kuazimwa kama kadi nyingine yoyote. Wengi wameilaani. Mimi naiona kama mfano mzuri wa kufundishia, kwa sababu imetenganisha kwa mkasi vitu vilivyokuwa vimeshikamana: imebakisha haki ya kuuza tena, imeondoa haki ya kucheza baada ya seva kuzimwa. Mtu anayenunua, akamaliza gemu na kuiuza hajapoteza kitu. Mtu anayetaka kuifungua tena baada ya miaka 20 ana kipande cha plastiki kinachoomba ruhusa.

Funguo nyingine zimejificha zaidi. Kwa miaka mingi PlayStation 4 ilikuwa na udhaifu ambao wachezaji wachache waliujua: betri ya saa iliyo ndani ya mashine ikiisha, konsoli ilihitaji kuwasiliana na seva za Sony ili kurekebisha saa yake, na bila mawasiliano hayo inaweza kukataa kuendesha gemu, pamoja na zile za diski. Sababu ilihusishwa na mfumo wa vikombe vya ushindi, yaani tuzo za kidijitali anazopewa mchezaji kwa mafanikio yake, ambao haupendi watu wanaodanganya saa. Sasisho namba 9.00 la mwaka 2021 liliondoa tatizo hilo. Mamilioni ya watu walikuwa na rafu za diski walizodhani ni zao kabisa, kumbe betri ya ukubwa wa sarafu ilikuwa miongoni mwa washika funguo.

Msukumo wa kuiondoa diski una historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza kwamba Xbox One ingehitaji kuwasiliana na mtandao angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimana diski kungewekewa masharti. Kelele za wachezaji zilikuwa kubwa, Sony wakazitumia kujitangazia kwa video fupi ya kumwonyesha mtu akimkabidhi mwenzake diski mkononi, na tarehe 19 Juni mwaka huo Microsoft wakaufuta mpango wao. Tulishangilia. Lakini yaliyoshindikana kwa amri yalikuja taratibu kwa hiari: Xbox One S isiyo na sehemu ya diski mwaka 2019, Xbox Series S na PlayStation 5 ya kidijitali mwaka 2020, kisha PlayStation 5 Pro mwaka 2024, iliyouzwa kwa dola 699.99 bila sehemu ya kusomea diski, nayo ikanunuliwa kando. Sehemu hiyo ya kuongeza lazima iunganishwe na mtandao inapopachikwa kwa mara ya kwanza, ili isajiliwe na mashine. Ufunguo mmoja tena, mdogo, na ni kwa kitu ambacho kazi yake ni kukuwezesha usitegemee mtandao.

Je, hofu hii ina msingi? Duka la Wii lilifungwa Januari 2019, maduka ya Wii U na 3DS yakafungwa tarehe 27 Machi 2023, na la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Katika kila hali waliokwisha kununua waliachiwa nafasi ya kupakua tena kwa muda, au hadi leo, lakini gemu ambazo hazikuwahi kutolewa kwa diski wala kuhamishiwa kwingine zilitoweka sokoni. Video Game History Foundation, taasisi inayohifadhi historia ya gemu, ilionyesha mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote rasmi. Takwimu hiyo inahusu hasa gemu za diski na katriji, jambo linaloonyesha kwamba kupotea hakukuanza na upakuaji. Tofauti ni kwamba katriji iliyopotea sokoni bado inaweza kupatikana kwenye dari la nyumba ya mtu.

Na diski nayo ina mpaka wake. The Crew, gemu ya mbio za magari ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2014, iliuzwa kwa diski pia. Hata ukicheza peke yako ilihitaji seva, na seva hizo zilizimwa tarehe 31 Machi 2024. Aliyeipakua na aliyeinunua dukani wakabaki sawasawa. Tukio hilo ndilo lililozaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, ambayo haidai seva ziwashwe milele bali inadai kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka pale msaada unapokoma. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja mwezi Julai 2025. Naiunga mkono kwa sababu haikuulizia plastiki. Imeulizia ufunguo.

Nisiwe kama mtu asiyeona upande wa pili. Upakuaji umewawezesha watengenezaji wadogo kuuza gemu ambazo zisingepata nafasi rafuni, mapunguzo yake ya bei ni makubwa, mtu mwenye shida ya mikono habadilishi diski, na diski yenyewe inakwaruzika, inaibiwa, inapotea wakati wa kuhama nyumba. Mtu anayecheza gemu ya mpira ya mwaka huu na kuitupa mwakani hana haja ya makala hii.

Miwani na mwili wa mchezaji

Kabla ya kuuliza miwani ni ya nani, inafaa kueleza inafanya nini, kwa kuwa watu wengi huijadili bila kuivaa, na waliovaa mara moja huijadili kana kwamba wameijua.

Miwani ya uhalisia pepe huonyesha kila jicho picha yake kupitia lenzi, picha hizo zikitofautiana kidogo kama macho yenyewe yanavyotofautiana, na vihisio hufuatilia mwendo wa kichwa ili ukigeuka dunia ya gemu ibaki mahali pake. Ugumu uko kwenye muda. Kati ya kichwa kugeuka na picha kubadilika zisipite zaidi ya takriban milisekunde 20, la sivyo mwili hugundua udanganyifu. Kwenye televisheni gemu inayotoa picha 30 kwa sekunde huvumilika. Kwenye miwani 90 au 120 ndizo zinazostahili, tena kwa macho mawili. Ndiyo sababu gemu hizi mara nyingi huonekana za kizamani kidogo kuliko zile za televisheni kwenye mashine ile ile. PlayStation VR2, miwani ya pili ya Sony, hupunguza mzigo huo kwa kufuatilia mboni za macho na kuchora kwa ukamilifu pale tu unapotazama, pembeni ikichorwa kwa uhafifu, na ukiwa ndani huoni hila hiyo.

Kichefuchefu kina chanzo kinachoeleweka: macho yanasema unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa kitini. Watengenezaji wamebuni njia za kupunguza ugomvi huo, kama kumrusha mchezaji kutoka sehemu moja hadi nyingine badala ya kumtembeza, kumgeuza kwa vipande, au kuzifinya pembe za picha anapokwenda kasi. Kuna ugomvi mwingine usiotibika kwa urahisi: kitu kikikujia karibu macho hukunjana kukifuata, lakini kulenga kwake hubaki kwenye umbali mmoja usiobadilika, kwa kawaida mita moja hadi mbili, na baada ya saa moja hivi uchovu wa macho huanza kusema.

Kwa uzoefu wangu miwani hung'aa pale ambapo mwili wa mchezaji ndani ya gemu umekaa kama alivyokaa yeye. Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, ndani ya miwani ni kitu ambacho televisheni haiwezi kukikaribia: unageuza shingo kutafuta kona kabla gari halijaifikia, na umbali wa kufunga breki unaupima kwa jicho badala ya kuukariri. Gemu za kutisha nazo hupata nguvu, kwa kuwa huna pembe ya chumba ya kukimbilia. Resident Evil 7, iliyotoka mwaka 2017, inachezeka yote ndani ya miwani ya kwanza ya Sony, na nakiri kwamba niliimaliza kwenye televisheni. Lakini kwa gemu ya saa 80, au kwa jioni ya kukaa watu watatu na kupokezana padi, miwani ni kizuizi. Humtoa mtu sebuleni, na uzuri wa konsoli tangu mwanzo ulikuwa kwamba ni kifaa cha sebuleni.

Soko limesema jambo kama hilo. PlayStation VR ya kwanza, iliyotoka Oktoba 2016 kwa dola 399, ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni tano kufikia mwisho wa 2019, wakati PlayStation 4 ilikuwa imeshavuka milioni 100. Yaani takriban mwenye konsoli mmoja kati ya ishirini. Ya pili ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, ghali kuliko bei ambayo PlayStation 5 yenyewe ilizinduliwa nayo, na Machi 2025 ikashushwa hadi 399.99. Mwaka 2024 Sony walitangaza kuifunga London Studio, moja ya studio zao zilizokuwa na uzoefu mkubwa wa kazi hii. Mchezaji anayesita kununua miwani hasiti kwa ujinga wala kwa woga wa mambo mapya. Anaangalia rafu na kujiuliza nani ataijaza.

Mahali mijadala inapokutana

Tuhesabu sasa funguo za miwani. Chukua kwanza Quest, miwani inayojitegemea bila konsoli, ya Meta, kampuni yenye Facebook, iliyoanza kuuzwa Mei 2019. Haina mahali pa kuingizia diski, kwa hiyo gemu zake zote ni mistari katika daftari la duka. Quest 2 ilipotoka Oktoba 2020 mnunuzi mpya alilazimika kuitumia kwa akaunti ya Facebook, sharti lililoondolewa Agosti 2022 kwa kuanzishwa akaunti za Meta. Kwa karibu miaka miwili, basi, mtu aliyefungiwa mtandao wake wa kijamii alikuwa hatarini kupoteza na gemu zake. Echo VR, mchezo wa timu uliokuwa na wapenzi wengi kwenye miwani hiyo, ulizimwa tarehe 1 Agosti 2023. Hapakuwa na diski ya kuhifadhi, na hata kama ingekuwapo isingesaidia.

Upande wa Sony funguo ni za aina nyingine. PlayStation VR ya kwanza ilikuwa na gemu nyingi za diski, jambo lililotufurahisha sisi wa rafu. Kisha miwani ya pili ikaja na haikubali gemu za ya kwanza isipokuwa mtengenezaji azitengeneze upya, kwa sababu ufuatiliaji wake ni tofauti kabisa: ile ya zamani ilikuwa na taa zilizotazamwa na kamera iliyowekwa kando ya televisheni, na hii mpya ina kamera zake yenyewe. Nayo Horizon Call of the Mountain, gemu kuu ya uzinduzi wa miwani ya pili, ilitolewa kwa kupakua tu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Astro Bot Rescue Mission ya mwaka 2018, ambayo kwangu ndiyo hoja bora iliyowahi kutolewa kutetea uhalisia pepe kwenye konsoli. Ilitoka kwa diski. Diski hiyo inaingia kwenye PlayStation 5 bila tatizo, lakini ili ucheze unahitaji miwani ya kwanza, kisanduku chake cha kuchakata picha, kamera ya PlayStation 4, adapta ya kuiunganisha kamera hiyo na mashine mpya, na padi ya PlayStation 4, kwa kuwa taa ya padi hiyo ndiyo inayofuatiliwa. Haikuhamishiwa kwenye miwani nyingine yoyote. Hapa hakuna seva iliyozimwa, hakuna leseni iliyofutwa, hakuna akaunti iliyofungwa. Sheria yote iko upande wa mnunuzi, na bado gemu hiyo inazidi kuwa ngumu kuifikia kila kifaa kimoja kati ya hivyo kinapoharibika. Uhalisia pepe umenifundisha kwamba kumiliki diski ni kumiliki ahadi ya mashine, na kwamba mashine ya kuvaliwa mwilini, yenye sehemu nyingi na wanunuzi wachache, huitimiza ahadi hiyo kwa muda mfupi kuliko konsoli ya kawaida.

Kwa hiyo navigawa vitu ninapolipa. Gemu ya kucheza peke yangu, yenye hadithi ninayotarajia kuirudia, naitafuta kwa diski, na kabla ya kuinunua nathibitisha kama gemu nzima imo ndani. Gemu ya mtandaoni naipakua bila huzuni, nikiihesabu kama tiketi. Miwani naihesabu kama tiketi ya gharama kubwa, na nailipia pale tu gemu zilizopo siku hiyo zinapotosha bei yake, bila kuweka matumaini yoyote kwenye gemu zilizoahidiwa.

Historia ya miwani, hata hivyo, ina kisa kimoja kinachokwenda kinyume na haya yote. Mwaka 1995 Nintendo walitoa Virtual Boy, kifaa kilichosimama mezani kwa miguu yake, chenye picha nyekundu juu ya weusi, kilichouza takriban 770,000 na kuachwa mapema mwaka uliofuata. Kilikuwa na gemu 22 tu, na ni moja ya bidhaa zilizoshindwa vibaya zaidi katika historia ya kampuni hiyo. Ukikipata leo pamoja na katriji, hakuna akaunti, hakuna saa, hakuna seva, wala daftari la mtu. Kasoro yake mashuhuri ni kwamba gundi inayoshika nyaya bapa za skrini zake hukauka kadiri miaka inavyopita, mistari ya picha ikaanza kukatika. Wanaovikusanya hufungua kifuniko, wakazilehemu nyaya hizo kwa mkono, na picha ikarudi.